Saa ya Ukutani na Safari ya Narita

Ukinyoosha uzi juu ya tufe la darasani, kutoka Dar es Salaam hadi Narita, kiwanja kimoja cha ndege cha jiji la Tokyo, unapata kilomita elfu kumi na moja na mia nne hivi. Uzi huo niliunyoosha mwenyewe mbele ya kidato cha tatu, mwaka ule mdogo wangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma Japani. Ndege yake haikufuata njia ya uzi. Ilipanda kwanza hadi Ghuba, huko Uarabuni, mwendo wa saa sita kasoro, abiria wakashuka, wakasubiri, wakapanda nyingine iliyokaa hewani karibu saa kumi. Ukijumlisha vipande vyote unavuka elfu kumi na mbili. Niliyaandika hayo ubaoni kwa chaki ya rangi na sikuyafuta siku tatu. Mwenzangu wa hisabati aliomba ubao wake. Nilimwambia avumilie, mtoto wa Nyamuswa anakwenda Japani.

Nafundisha jiografia Musoma na naishi mtaa wa Nyakato. Nilianza kazi Butiama, nikahamishwa, na kote nilikopita nimeacha sifa ya kujua ramani. Sijisifu bure. Nipe miji miwili yoyote nitakwambia upi unaona jua kwanza. Nasema haya mapema ili aibu niliyoipata nyumbani kwa mama ieleweke uzito wake.

Kwa sababu kule Nyamuswa, kijijini kwetu, hakuna aliyejali kilomita zangu. Kilichojaliwa ni ufagio.

Nyumbani kwetu, mtu akisafiri, uwanja haufagiliwi mpaka afike aendako. Nyayo zake zinaachwa pale mlangoni zilivyo, na kuku wakizikanyaga ni kuku, lakini mkono wa mtu usizifute. Sijui kama ni desturi ya kabila zima au ya bibi yetu peke yake. Najua tu kwamba mama anaishika kama amri. Paroko mmoja wa zamani aliwahi kumuuliza, kwa upole, kama hilo si mambo ya giza. Mama akamjibu, "Padri, mimi siabudu ufagio. Namsubiri mtoto wangu." Paroko hakurudia swali.

Na mjue mama ni nani kwa habari ya kufagia. Anafagia asubuhi na anafagia jioni, kwa mistari inayolala upande mmoja, na mgeni akipita anasita kukanyaga. Nimesikia uwanja wake ukitajwa stendi ya Bunda na watu wasiojua kwamba mimi ni mtoto wake. Kumwambia mwanamke huyo akae siku tatu bila kufagia ni kumtesa. Hata mimi nikirudi Nyakato, mwendo wa saa mbili na kitu, anakaa na majani yake mpaka nipige simu, na kwa miaka mingi nilikuwa nasahau kupiga.

Nilikuwa na sababu ya kukwepa habari za ufagio. Nilipokuwa kidato cha pili, baba aliondoka asubuhi kwenda Mwanza kutibiwa. Mama alimsindikiza mpaka Bunda kwenye basi. Mimi nilibaki, nikashika ufagio kama nilivyofanya kila siku, akili yangu iko kwenye mtihani, nikafagia kuanzia mlangoni hadi zizini. Nyayo za baba zikaenda na majani. Baba hakufika Mwanza. Alifia ndani ya basi, amekaa dirishani, waliokaa naye wakidhani amelala.

Mama aliporudi alisimama kwenye uwanja ule uliokuwa safi, akaniangalia, akaingia ndani. Hakusema neno siku ile wala baadaye. Najua ugonjwa ndio uliomuua baba. Najua vizuri kabisa. Lakini tangu hapo sikuwahi kuufagia uwanja wa mama. Nikienda kwake nachota maji, napika, naosha sufuria mpaka zinang'aa. Ufagio sikuugusa, na yeye hakunipa.

Baba alituachia saa ya ukutani. Aliileta kutoka mnadani Butiama, ameifunga ndani ya shuka, akaitundika sebuleni na kuiweka kwa namna yake. Sisi sote tunajua kwamba asubuhi mkono mfupi ukiwa kwenye saba tunasema ni saa moja, na hatujiulizi. Baba alijiuliza. "Tunasema saa moja, kwa nini mkono usikae kwenye moja?" Akauzungusha ukakaa kwenye moja. Kuanzia siku hiyo saa yetu ilisomeka kama tunavyosema: ng'ombe wakitoka inaonyesha mbili, adhuhuri inaonyesha sita, na kila mgeni aliyevaa saa mkononi aliitazama, akatazama ya kwake, akanyamaza kwa heshima.

Nilipokuwa mwalimu, saa ile ilianza kunichoma. Mara tatu niliirekebisha, ikasoma kama saa za dunia nzima. Mara tatu mama alipanda kigoda akairudisha. Mara ya tatu aliniambia, "Wewe mwalimu, fundishaga huko shuleni kwako. Hii ni ya baba yenu."

Aibu ilizidi alipokuja mwalimu wa Kijapani. Huyu alikuwa msichana wa kujitolea, aliyefundisha sayansi sekondari ya jirani kwa miaka miwili, na alipanga chumba cha nyuma kwa mama. Alikula ugali wa muhogo bila kulalamika na alijifunza kukamua, vibaya. Mdogo wangu, aliyekuwa bado shuleni, alimganda kama kupe. Maneno ya Kijapani, namba za Kijapani, ndoto nzima ya Japani ilianzia kwenye kile chumba cha nyuma. Namshukuru mpaka leo. Ila alikuwa na tabia moja iliyonikera: alikuwa anasimama sebuleni mbele ya saa ya baba, mikono nyuma, muda mrefu, anatabasamu. Nilimkuta hivyo zaidi ya mara moja. Nilijua anatucheka. Nilitamani kumweleza kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mtu mmoja angalau aliyejua saa inavyosomwa, lakini nilimeza maneno kwa ajili ya mdogo wangu.

Basi miaka ikapita, mdogo wangu akamaliza chuo, akaomba, akapata. Anakwenda kusomea usafishaji wa maji, huyu aliyekua anachota maji kwenye lambo moja na ng'ombe. Katika ukoo wetu wote hakuna aliyewahi kupanda ndege, hata ya hapo Musoma. Alhamisi asubuhi alitoka pale mlangoni na begi la magurudumu, magurudumu yakachora mistari miwili mchangani pembeni ya nyayo zake. Mama aliitazama ile mistari kama mtu anayesoma barua. Mdogo wangu alikwenda Bunda, akaenda Mwanza, Ijumaa akaruka hadi Dar, na jioni ya Ijumaa hiyo akaondoka nchini.

Alituachia karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Sehemu iliyotuhusu ilikuwa mistari miwili: "Kuondoka Ghuba 2.10. Kutua Narita Jumamosi 6.00 jioni." Akasema akitua tu atatafuta mtandao pale kiwanjani na kututumia ujumbe.

Sasa tatizo lilikuwa hili. Jumamosi hiyohiyo, saa nane mchana, jumuiya yetu ilikuwa inasali kwa mama, na paroko mpya alikuwa anakuja mwenyewe, kwa mara ya kwanza. Siku haikubadilika, maana paroko ana vigango vingi kuliko siku za wiki. Swali likawa moja tu: mtoto atatua kabla ya saa nane au baada? Akitua kabla, mama atafagia na kupokea wageni kama anavyojulikana. Akitua baada, wageni watamkuta kwenye majani ya siku tatu, makapi ya mtama na samadi ya mbuzi.

Mama aliweka karatasi mbele yangu. "Haya, mwalimu."

Ulikuwa wakati wangu. Nilivaa miwani. Sita jioni kwa Kizungu, hiyo ni saa kumi na mbili jioni yetu, mtoto wa darasa la tatu anajua. Ila ile 2.10 ilinisumbua. Je, ni saa nane usiku, au mdogo wangu ameandika Kiswahili, yaani saa mbili na dakika kumi asubuhi? Nikafanya hesabu. Safari ni kama saa kumi. Toka saa mbili asubuhi, ongeza saa kumi, unapata saa kumi na mbili jioni. Iliingia kama kidole kwenye pete. Nilicheka hata. Nikamwambia mama kwamba huyu mtoto bado anachanganya, mstari mmoja Kiswahili, mstari mmoja Kizungu, lakini dada yake yupo. "Anatua saa kumi na mbili jioni, mama. Baada ya wageni. Inabidi tufagie kabla au tukubali aibu."

Mama aliitazama karatasi. Akaitazama saa ya baba ukutani. "Sawa, mwalimu," akasema, akaikunja karatasi na kuiweka kwenye kanga.

Jumamosi asubuhi mwenyekiti wa jumuiya alikuja mapema kuleta viti. Ni mama mmoja jirani, uwanja wake wa pili kwa usafi baada ya wa mama, na ameishi na hiyo nafasi ya pili kwa miaka ishirini. Alisimama getini. Kulikuwa na majani ya mwarobaini mpaka kwenye kizingiti, na ndama alikuwa amepita usiku akaacha alichoacha. "Mbona leo hivi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa na sukari ndani. "Mnaumwaga?"

"Mtoto yuko njiani," mama akajibu.

Yule mama alitikisa kichwa, akapanga viti juu ya majani, taratibu, huku akichagua pa kukanyaga. Niliona hasira. Nilimfuata mama jikoni nikamwambia tumefika karne gani, ndege haijui ufagio, nipe ruhusa nimwite kijana wa jirani afagie. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. Nikasema tena, kwa sauti ya darasani ambayo sijivunii. Akaniuliza, "Wewe ungefagia?"

Nilitoka nje nikakaa kwenye kiti kimojawapo cha mwenyekiti, nikaangalia ile mistari miwili ya magurudumu ambayo ilikuwa bado inaonekana mlangoni. Nilimuona mdogo wangu juu ya maji na milima nisiyoijua, na kwa hesabu yangu alikuwa bado na zaidi ya nusu ya safari. Mwalimu mzima wa jiografia, na nilikuwa nimekaa nalinda nyayo dhidi ya ufagio. Niliogopa, basi. Nilimuogopea.

Jua lilipokuwa utosini, mama alitoka jikoni. Alijifuta mikono, akaingia sebuleni, nikamfuata. Alisimama mbele ya saa ya baba na mikono nyuma, vilevile alivyokuwa anasimama yule mwalimu wa Kijapani. Mkono mfupi ulikuwa kwenye sita. Mrefu ulikuwa unagusa kumi na mbili.

"Amefika," mama akasema.

"Mama, bado. Ni saa kumi na mbili jioni. Nilikupigia hesabu."

Akaitoa karatasi kwenye kanga, akaweka kidole. "Hapa ameandika ngapi?"

"Sita."

"Na hapo ukutani?"

"Sita, lakini hiyo saa mama, hiyo saa ni..."

"Hii saa ni ya kwao," mama akasema. "Yule mwalimu alikuwaga na saa mbili. Moja ya huku, ingine ameiacha na saa ya kwao ili ajue mama yake anafanya nini. Siku ya kwanza alipoingia hapa aliangalia ya kwake, akaangalia ya baba yenu, akalia. Nikamuuliza nani amekuudhi. Akaniambia, mama, saa yako inasoma kama ya nyumbani kwetu. Ikisema sita mchana, mama yangu anawasha taa, anapika cha jioni. Akawa anakuja hapa kila siku kumuangalia mama yake."

Nilikaa kwenye kochi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?" Hakusema kwa ukali. "Wewe ulikuwaga unakuja kuirekebisha."

Mama hakungoja jibu. Alikwenda nyuma ya mlango, akatoa ufagio, akaugonga chini mara mbili kusawazisha vijiti. Kisha akanishikisha mimi.

"Fagia wewe, mwanangu," akasema. "Huyu amefika."

Simu yangu ilikuwa mfukoni, kimya. Hakukuwa na ujumbe. Nilikuwa na hesabu yangu inayosema mdogo wangu bado yuko hewani, na nilikuwa na neno la mama. Nitasema ukweli: sikuwa nimeelewa bado. Kichwa kilikuwa kinazunguka na masaa sita ya kujumlisha na masaa sita ya kutoa. Lakini mama alikuwa amenipa ufagio, baada ya miaka yote ile, na alikuwa ananiangalia usoni kama siku ile alivyoniangalia, ila safari hii hakuingia ndani.

Nikaanza mlangoni. Mistari ya magurudumu ilikwenda kwanza, halafu nyayo. Nilifagia huku nalia na sikujificha. Mama alichukua ufagio mwingine akaanzia upande wa zizi, na tukafagia tukielekeana, mistari yake imenyooka, yangu imepinda. Tulikutana katikati kwenye mwarobaini. Mwenyekiti wa jumuiya alirudi na mkeka, akatukuta tumeshika kiuno, akakanyaga kwa uangalifu sana.

Ujumbe uliingia tukiwa tunamwagia maji vumbi. "Dada nimefika. Tulitua sita kamili, nimetoka uhamiaji sasa hivi. Mwambie mama anaweza kufagia."

Nilimsomea mama kwa sauti. Alisema tu, "Mwambie tumeshafagia," akaenda kuvaa.

Kosa langu nimelielewa vizuri baadaye, na nalieleza kila mwaka darasani bila kujificha. Mdogo wangu hakuchanganya chochote. Aliondoka Ghuba saa 2.10 ya Kizungu, saa nane na dakika kumi za usiku wetu, maana Ghuba na sisi saa ni moja. Alitua saa sita mchana wetu, na kule ilikuwa sita jioni, kwa kuwa Japani wako mbele yetu kwa masaa sita. Tiketi huandika saa ya mahali ndege inapotua. Hilo nalifundisha! Lakini masaa sita ndiyo hayohayo yaliyo kati ya tunavyosema na saa za kizungu zinavyoonyesha, kwa hiyo nilipokosea mahali pawili, kwenye saa ya kuondoka na kwenye saa ya kutua, makosa yakasawazishana na hesabu ikatoka nzuri kabisa. Sijawahi kupata hesabu nzuri kama ile. Mwingereza asingeweza kukosea hivyo hata angejitahidi.

Siku ile paroko alisali, akala, akasifu uwanja. Alipoambiwa mtoto wa nyumba hii ametua Japani leo, akauliza huko ni saa ngapi sasa. Watu wote waligeuka kunitazama mimi, mwalimu. Mimi nikamtazama mama. Mama, bila kuinuka kwenye mkeka, akanyoosha kidole kupitia mlango wa sebule, kuelekea ukutani. "Tisa na nusu," akasema. "Usiku. Amelala." Nimewahi kupewa cheti cha mwalimu bora wa somo, na sikujisikia kama nilivyojisikia nikiangalia kile kidole.

Mdogo wangu yuko mwaka wa tatu sasa. Wengine walioko Ulaya na wapi huko wanajumlisha na kutoa kabla ya kupiga simu nyumbani. Yeye na mama hawahesabu. Wote wawili wanasoma namba moja, mmoja mchana, mwingine jioni, na mama anajua saa ya darasa lake, saa ya treni yake na saa ya kumwacha apumzike.

Mwezi uliopita betri ya saa ya baba ilikufa. Mama alinipigia mara mbili kwa siku moja, jambo asilolifanya, nikapanda gari Jumamosi na betri mbili kwenye mkoba, moja ya akiba. Nilipanda kigoda. Simu yangu ilikuwa inaonyesha saa mkononi mwangu, kubwa na wazi. Nilimpigia mdogo wangu nikamuuliza saa yake inasomaje. "Nne na dakika arobaini na tano," akasema. Nikaweka mkono mfupi karibu na tano, mrefu kwenye tisa, nikaitundika. Mama alikuja, akaitazama, akairekebisha kidogo isilale upande, akasema chai iko tayari.

Jioni niliondoka. Nilipofika Nyakato nilimpigia nikiwa bado nimesimama mlangoni, funguo mkononi, viatu mguuni, maana nilijua alikuwa ameketi anaziangalia nyayo zangu.